Volti bilioni 1.3 juu ya Ooty: wingu lililopimwa bila kuguswa

Alasiri ya tarehe 1 Desemba 2014 wingu la radi lilipita juu ya Ooty, mji wa milimani katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Athari yake kwenye mitambo ya watafiti ilionekana kwa dakika 18 tu, kuanzia saa 10 na dakika 12 hadi saa 10 na nusu kwa saa za huko. Machi 2019, zaidi ya miaka minne baadaye, watafiti wa mradi wa GRAPES-3 walichapisha katika jarida la Physical Review Letters kwamba tofauti ya volteji ndani ya wingu hilo ilifika volti bilioni 1.3. Kabla ya hapo, kubwa kuliko zote zilizokuwa zimepatikana kwa maputo yanayorushwa ndani ya mawingu ilikuwa kama volti milioni 130. Wingu moja la Ooty likaizidi rekodi mara kumi.

Namba ya namna hii ikitoka, watu huibeba yenyewe na kuliacha nyuma swali la imepatikanaje. Siku ile hakuna puto lililopaa ndani ya wingu wala ndege iliyolipasua; watafiti walihesabu tu chembe ndogo ziitwazo muoni, zinazoshuka kutoka angani mchana na usiku, na wingu lilipopita zikapungua. Bilioni 1.3 ni jibu la modeli ya hisabati, na modeli hiyo imejengwa juu ya dhana kadhaa, nyingine imara, nyingine za kuazima. Nataka kulifumua jibu hilo uzi kwa uzi. Hukumu yangu naitanguliza: upungufu wa chembe uliopimwa siku ile sina shaka nao, volteji ya mamia ya mamilioni naikubali, lakini bilioni 1.3 ukiiweka kama walivyoiweka wao ndani ya modeli inagongana na fizikia nyingine tunayoijua vizuri.

Kwa nini wingu halipimiki kirahisi

Wingu la radi hujichaji lenyewe. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kwa kasi ikiwa imebeba fuwele ndogo za barafu, na fuwele hizo hugongana na punje nzito za barafu zinazoelea au kushuka. Katika kugongana huko chaji huhama. Mara nyingi punje nzito hubaki na chaji hasi katikati ya wingu, na fuwele nyepesi hupaa na chaji chanya hadi juu. Karibu na kitako cha wingu huwa kuna kifuko kidogo cha chaji chanya. Ndiyo picha ya vitabuni: chanya juu, hasi katikati, chanya kidogo chini. Wingu halisi huwa na tabaka zaidi ya hizo, na hazikulala sambamba.

Volteji kati ya tabaka mbili ni jumla ya uga wa umeme, yaani nguvu inayoisukuma chaji, katika njia nzima kati yake. Ukitaka kuipata kwa puto, lazima puto lipite njia hiyo yote likisoma uga kila hatua. Likipanda mita 5 kwa sekunde, kilomita 10 zitalichukua zaidi ya nusu saa. Katika nusu saa hiyo wingu limesogea, limejichaji, limepiga radi na kujimwaga, kisha limejichaji tena. Unachojumlisha ni vipande vya nyakati tofauti, na pengine hukuwahi kupita mahali penye volteji kubwa.

Vifaa vya ardhini vinavyopima uga wa umeme vina tatizo jingine. Vinasoma uga ulipo wao tu, na tabaka za chanya na hasi kule juu hufutana kiasi kabla athari yake haijafika chini. Mipangilio mingi tofauti ya chaji inaweza kutoa usomaji uleule ardhini. Ukianza na mpangilio, kuutafuta usomaji ni kazi ya dakika chache. Kurudi nyuma, kutoka usomaji hadi mpangilio, hakuna jibu moja.

C.T.R. Wilson, Mskoti aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1927 kwa chumba chake cha ukungu, alikadiria mwaka 1929 kwamba wingu la radi linaweza kufika volti bilioni moja. Makadirio hayo yalikaa miaka 85 bila kipimo kilichoyakaribia.

Mirija ya chuma chini ya zege

GRAPES-3 inaendeshwa na taasisi ya utafiti ya Tata iliyoko Mumbai kwa ushirikiano na watafiti wa Japani. Iko mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Wenyewe huita sehemu yake moja darubini ya muoni, ingawa haina kioo wala lenzi. Ni mirija ya chuma ya pembe nne, kila mmoja una urefu wa mita 6 na upana wa sentimita 10, imepangwa tabaka nne zinazokatizana, na juu yake limewekwa zege la unene wa kama mita 2. Eneo lote ni mita za mraba 560. Chembe ikipita huacha alama katika kila tabaka, na ukiunganisha mirija iliyoguswa unajua ilitoka upande gani wa anga. Anga nzima imegawanywa pande 169, gridi ya 13 kwa 13.

Chembe zinazohesabiwa ni muoni. Huzaliwa angani, nyingi kati ya kilomita 10 na 20 juu, pale protoni zinazotoka nje ya mfumo wa jua zinapogonga hewa. Zina chaji ya ukubwa uleule wa elektroni, chanya au hasi, na uzito wake ni mara 207 ya elektroni. Hupita mawinguni, kwenye mapaa na ndani ya miili yetu mchana na usiku. Zile dhaifu huishia ndani ya zege, kwa hiyo isiyo na nishati ya elektronivolti bilioni moja haifiki kwenye mirija ikahesabiwa. Kizingiti hicho ndicho mhimili wa kisa chote.

Darubini ile huhesabu zaidi ya muoni milioni 2 kwa dakika, karibu bilioni 4 kwa siku. Katika kuhesabu vitu vinavyokuja kwa bahati nasibu, kosa la kawaida ni kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe. Tuseme upande wa anga unaoutazama unakupa muoni 800,000 kwa dakika: kipeuo chake ni kama 900, yaani asilimia 0.11. Badiliko la asilimia 2 likitokea, ni kubwa kuliko kosa hilo mara 18, na hapo ni dakika moja tu. Ndiyo maana nasema upungufu wenyewe sina shaka nao.

Mtu anaweza kuuliza kama si mgandamizo wa hewa uliobadilika dhoruba ilipoingia. Mgandamizo ukiongezeka, hewa inakuwa nzito na muoni hupungua, kiasi cha moja ya kumi ya asilimia kwa kila hektopaskali. Kupata asilimia 2 ungehitaji mruko wa hektopaskali kama 15 au 20 ndani ya dakika chache, na mruko huo ungezipunguza muoni za pande zote. Siku ile upungufu ulikuwa katika sehemu moja ya anga, na sehemu hiyo ilikuwa ikihama.

Kwa nini zinapungua

Muoni ikivuka tofauti ya volti bilioni moja, hupata au hupoteza elektronivolti bilioni moja. Kizingiti cha zege nacho ni elektronivolti bilioni moja. Hapa bahati iliwasimamia watafiti, maana kitu kinachopimwa na kipimo chake vina ukubwa unaolingana. Kwa volti milioni 10 badiliko lingepotelea kwenye kosa la kuhesabu.

Lakini kuna muoni chanya na muoni hasi. Uga unaozirudisha nyuma chanya huzisukuma mbele hasi. Kama zingekuwa sawa kwa idadi, faida na hasara zingekaribia kufutana na mtambo usingeona kitu. Haziko sawa. Protoni zinazogonga hewa ni chanya, na uchanya huo hurithiwa na uzao wake. Kwenye nishati hizi, katika kila muoni 100 kama 56 ni chanya na 44 ni hasi.

Tuchukue mfano, kwa kurahisisha. Uga wa wingu unaondoa asilimia 17 ya chanya na kuongeza asilimia 17 ya hasi, kwa kuzivusha kizingiti zile ambazo zingeishia kwenye zege. Chanya zinapungua 9.5, hasi zinaongezeka 7.5. Kutoka 100 zimebaki 98, upungufu wa asilimia 2. Hiyo ndiyo namba ya Ooty. Nyuma ya asilimia 2 zinazoonekana kuna msukosuko mkubwa uliofutana wenyewe kwa wenyewe, na mtambo hauna sumaku ya kutenganisha chanya na hasi. Kila kosa dogo katika uwiano wa 56 kwa 44, au katika umbo la mtawanyo wa nishati za muoni karibu na kizingiti, linaingia moja kwa moja kwenye jibu la volteji.

Upungufu wenyewe pia unatuambia mwelekeo: uga uliotawala ulikuwa ukizisukuma juu chembe chanya. Sasa rudi kwenye picha ya vitabuni. Kati ya tabaka chanya ya juu na tabaka hasi ya katikati, uga huzisukuma chini chembe chanya, na hiyo ingeleta ongezeko. Kwa hiyo ama wingu la Ooty lilikuwa limepinduka, ama uga uliotawala ulikuwa wa sehemu nyingine ya wingu. Kwa wasomaji wengi hili litaonekana dogo. Kwa anayejenga modeli ni onyo kwamba tabaka mbili zinaweza zisitoshe kulieleza wingu hilo.

Dakika 18

Kati ya Aprili 2011 na Desemba 2014 mradi uliandikisha dhoruba za radi 184. Ile ya tarehe 1 Desemba ndiyo iliyotoa volteji kubwa kuliko zote. Kivuli cha upungufu kilionekana kikihama kutoka upande mmoja wa gridi kwenda mwingine kwa kasi ya kama nyuzi 6.2 kwa dakika.

Kasi ya nyuzi peke yake haisemi wingu liko juu kiasi gani. Wingu la chini linaloenda polepole na la juu linalokimbia yanaweza kuonekana sawa kwa mtu aliye ardhini. Hapo ndipo vifaa vinne vya kupima uga wa umeme, vilivyotenganishwa kwa umbali wa hadi kilomita 6, vilipoleta faida. Wingu lilipopita, mabadiliko ya uga yalifika kwenye kifaa kimoja kabla ya kingine, na kutokana na tofauti za muda kasi ikapatikana: kama kilomita 1 kwa dakika, au 60 kwa saa.

Kilichobaki ni hesabu ya kidato cha tatu. Nyuzi 6.2 ni radiani 0.108. Kilomita 1 ukiigawa kwa 0.108 unapata kilomita 9.2 juu ya mtambo. Ongeza kilomita 2.2 za mlima wenyewe: kilomita 11.4 juu ya usawa wa bahari. Ukubwa wa kivuli kwenye gridi, kwa umbali huo, ukawapa wingu lenye nusu kipenyo kisichopungua kilomita 11, yaani eneo la kilomita za mraba 380 au zaidi.

Sehemu hii ya kazi yao naipenda kuliko nyingine zote. Vifaa vya ardhini, ambavyo peke yake haviwezi kusema volteji ni kiasi gani, vimeulizwa swali moja tu ambalo vinalimudu, yaani saa ngapi, na jibu lake limeunganishwa na la darubini isiyojua umbali. Hakuna dhana kuhusu chaji iliyoingia. Hata modeli ya umeme ikianguka yote, urefu na kasi ya wingu vinabaki vimesimama.

Kutoka asilimia hadi volti

Hapa modeli inaanza kubeba mzigo. Watafiti walitumia CORSIKA, programu iliyotengenezwa Karlsruhe, Ujerumani, inayoigiza safari ya miale ya anga za mbali ndani ya hewa. Inaanza na protoni moja juu kabisa, inairusha ndani ya hewa, inapiga kete kila hatua kuamua itagonga nini na kuzaa nini, inafuata kila mtoto na mjukuu hadi chini. Rudia kwa mamilioni ya protoni, hesabu muoni zinazofika zikiwa juu ya kizingiti, unapata anga isiyo na wingu. Kisha weka uga wa umeme katika sehemu ya hewa, rudia tena, linganisha.

Uga waliouweka ni wa namna rahisi kuliko zote: wa wima, sare, kati ya kilomita 8 na 10 juu ya usawa wa bahari, na nje ya hapo sifuri. Ni kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, ya bapa mbili zenye nafasi ya kilomita 2. Wakabadilisha volteji ya kapasita hiyo mpaka upungufu wa muoni kwenye mwigo ulingane na uliopimwa. Jibu la juu kabisa likawa volti bilioni 1.3.

Ni sawa na kukadiria uzito wa gunia kwa kutazama jinsi mchukuzi anavyotembea akiwa amelibeba: unaweza kuupata vizuri, lakini hutajua ndani mna mahindi au mchanga. Muoni nayo haikumbuki ilipopoteza nishati. Hasara ile ile ingetokea katika kilomita 2 za uga mkali au katika kilomita 6 za uga wa theluthi moja. Kwa hiyo volteji, ambayo ni jumla, inashika vizuri kuliko unene. Kuna marekebisho madogo, kwa sababu muoni hufa njiani na iliyopunguzwa kasi mapema hufa zaidi, na nyingine huzaliwa katikati ya wingu na kuvuka kipande tu cha uga, lakini hayageuzi picha.

Linaloweza kuigeuza ni ile sifuri ya nje. Kapasita ya vitabuni haina uga nje ya bapa zake. Wingu lina uga juu yake na chini yake, na ushahidi umo humohumo: vifaa vinne vya ardhini vilisoma nini kama nje ya bapa hakuna kitu? Kinachoathiri muoni ni tofauti ya volteji kati ya pale ilipozaliwa na pale ilipotua, na njia hiyo inapita ndani ya wingu na nje yake pia. Uga wa nje ukielekea upande mwingine, unarudisha sehemu ya kile kilichochukuliwa ndani, na hapo volteji ya ndani ingelazimika kuwa kubwa zaidi. Ukielekea upande uleule, ingetosha ndogo. Modeli ya bapa mbili imeufunga mlango huo kabla ya kuuchungulia.

Gigawati

Mara unapoikubali kapasita, hesabu nyingine zinakuja zenyewe. Uwezo wa kapasita ni 8.85 × 10⁻¹² mara eneo gawanya kwa nafasi. Kwa mita za mraba milioni 380 na nafasi ya mita 2,000, ni kama maikrofaradi 1.7. Inashangaza kidogo: kapasita ya mota ya kisima huwa na uwezo mkubwa kuliko huo. Ukubwa wa wingu umemezwa na unene wake. Zidisha kwa volti bilioni 1.3 unapata chaji ya kulombu 2,200 hivi. Radi ya kawaida inayopiga ardhi huteremsha makumi ya kulombu.

Nishati ni nusu ya uwezo mara kipeo cha pili cha volteji, karibu joule trilioni 1.4. Wingu lilichukua dakika 6 kujichaji, kwa hiyo hiyo ni nguvu ya gigawati 4, yaani wati bilioni 4. Makala yao inasema si chini ya gigawati 2, na kauli ya namna hiyo ina busara, kwa sababu volteji imezidishwa kwa yenyewe: weka bilioni 1 badala ya 1.3 na jibu linashuka hadi gigawati 2 na kidogo. Vilevile wingu halikuwa na volteji ya kilele kila mahali katika kilomita zote 380 za mraba. Namba ya nguvu ndiyo iliyosambaa zaidi kwenye habari, ikilinganishwa na mitambo ya kufua umeme, na ndiyo yenye miguu dhaifu kuliko zote, maana inategemea eneo, unene na volteji kwa pamoja.

Tatizo la kilovolti 650

Volti bilioni 1.3 katika mita 2,000 ni uga wa kilovolti 650 kwa kila mita. Hewa ya usawa wa bahari hupasuka kwa cheche kwenye kilovolti 3,000 hivi kwa mita. Kilomita 9 juu hewa ina msongamano wa asilimia 38 tu ya ile ya chini, kwa hiyo kikomo hicho hushuka hadi kama 1,100. Kwa kipimo hicho 650 ingali salama. Anayeishia hapo ataona modeli haina tatizo.

Kuna kikomo cha pili kilicho chini zaidi, na asili yake ni Wilson yuleyule, katika wazo la mwaka 1925. Elektroni inayokwenda kasi sana husuguana kidogo na hewa kuliko inayokwenda polepole. Uga ukiwa mkubwa wa kutosha, elektroni ya kasi hupata nishati nyingi kuliko inayopoteza, haisimami tena, na kila inapogonga atomu huweza kuing'oa elektroni nyingine ya kasi. Ni poromoko. Usawa wa bahari linahitaji kilovolti kama 280 kwa mita. Kilomita 9 juu, kama 105. Na elektroni za kuanzishia hazikosekani, kwa sababu miale ileile inayozaa muoni huzizaa pia.

Poromoko hilo lina urefu wake maalumu, umbali ambao idadi ya elektroni huzidishwa mara 2.7. Mwanafizikia Joseph Dwyer alitoa kanuni yake kutokana na mwigo wa kompyuta: 7,300 gawanya kwa uga uliopo ukitoa kikomo, kwa kilovolti na mita. Weka namba za Ooty. 650 toa 105 ni 545. 7,300 gawanya kwa 545 ni mita 13.4. Katika mita 2,000 urefu huo unaingia mara 149. Elektroni moja iliyoingia juu ingetoka chini ikiwa moja yenye sifuri 64 nyuma yake. Dunia yote, bahari na miamba na kila kitu, ina atomu kama moja yenye sifuri 50.

Haiwezekani. Muda mrefu kabla ya hapo poromoko lingekuwa limeumwaga uga wote. Dwyer alionyesha mwaka 2003 kwamba zipo hata njia za kurudi nyuma: miale ya eksirei na positroni (pacha chanya wa elektroni) zinazozaliwa na poromoko hurudi mwanzoni na kuanzisha maporomoko mapya, na hivyo kuna kiwango ambacho uga katika nafasi kubwa ya hewa hauwezi kukipita kwa muda wowote wa maana. Wingu la Ooty lingelazimika kukaa juu ya kiwango hicho kwa dakika.

Jibu la haraka ni kulitandaza wingu. Volteji ileile katika kilomita 4 inatoa kilovolti 325 kwa mita, katika 6 inatoa 217, katika 8 inatoa 163. Hata hiyo ya mwisho, inayolifanya tabaka moja lichukue karibu wingu zima, inabaki juu ya kikomo cha poromoko, ambacho kwa urefu wa kilomita 7 ni kama 135. Idadi ya mizidisho inashuka kutoka 149 hadi kama 30, na hiyo bado ni elektroni trilioni kumi hivi kwa kila moja iliyoingia. Ukishuka hadi volti milioni 700 au 800, mgogoro unakwisha: katika kilomita 8 uga unakuwa karibu 90 hadi 100, chini ya kikomo, na hakuna sheria inayovunjwa. Ndipo nilipoegemea ninaposema mamia ya mamilioni.

Hiyo haiwafanyi watafiti wa Ooty kuwa wazembe. Walichagua modeli yenye namba moja isiyojulikana kwa sababu walikuwa na kipimo kimoja cha kuilinganisha nayo, na ukiongeza unene, uga wa juu, uga wa chini na tabaka ya tatu utapata modeli inayokubali karibu kila kitu. Tena kwenye makala yao waliandika kwa tahadhari kwamba huenda huu ni ushahidi wa kwanza wa moja kwa moja wa gigavolti, yaani volti bilioni, mawinguni. Neno huenda ndilo lililopotea habari iliposambaa.

Walikuwa pia na sababu nzuri ya kuitafuta gigavolti. Setilaiti zimekuwa zikiona mimweko mifupi ya miale ya gama ikitoka juu ya mawingu ya radi. Ya kwanza ilitangazwa mwaka 1994 kutokana na setilaiti ya Compton. Baadhi ya mimweko ina miale ya hadi elektronivolti milioni 100. Kupata mwale wa namna hiyo unahitaji elektroni iliyopanda zaidi ya hapo, na volteji kubwa ndani ya wingu ingeifanya kazi hiyo iwe nyepesi.

Kwa wasomaji wa Kivu, neno la pembeni. Kabare, huko Kivu mashariki mwa Kongo, ni ya pili duniani kwa wingi wa radi kwa hesabu za setilaiti ya TRMM, radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, ikitanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Hiyo haimaanishi mawingu ya Kabare yana volteji kubwa kuliko la Ooty. Kila radi ni wingu kujimwaga, na linalojimwaga kila mara huenda lisipate nafasi ya kupanda hadi juu kabisa. Wingi wa radi na ukubwa wa volteji ni maswali mawili.

Kitakachokata shauri hili ni kutenganisha muoni chanya na hasi, na hilo linahitaji sumaku. Katika mfano wa 56 na 44, mtambo wenye sumaku ungeona chanya zikishuka kwa asilimia 17 na hasi zikipanda kwa kiasi hicho hicho, badala ya masalia ya asilimia 2. Uwiano wa 56 kwa 44 usingehitaji kukisiwa, maana ungepimwa pale pale kabla wingu halijafika. Na kwa kuwa sumaku hupima pia nishati ya kila muoni kutokana na kiasi inachopinda, ungeona mtawanyo wote wa nishati ukihama, wa chanya upande mmoja na wa hasi upande wa pili, na kiasi cha kuhama ndiyo volteji yenyewe, imesomwa bila kutegemea waliovuka kizingiti ni wangapi. Mirija ya mita za mraba 560 haiwezi kuzungushiwa sumaku. Mtambo wa mita chache za mraba unaweza, ila kwa eneo dogo kiasi hicho muoni za dakika 18 zitakuwa chache, na itabidi kusubiri mawingu mengi.